Kirungu cha mbao kwenye fimbo ya vitesi: mnauliza, tunajibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kidogo ambacho dereva anakishika siku nzima: kirungu cha fimbo ya vitesi kwenye mabasi madogo ya zamani. Plastiki ya kiwandani ikipasuka, dukani utauziwa kingine cha kung'aa chenye skrubu tatu ndogo ubavuni, na baada ya wiki chache kinazunguka mkononi kama kifuniko cha chupa. Cha mbao kinadumu kuliko hicho, ila mbao yenyewe ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Kinachoamua ni chuma kilicho ndani yake.

Nina HiAce ya miaka ya 1990, fimbo iko sakafuni. Seremala yuko tayari kunitengenezea kirungu lakini ananiuliza tundu liwe la ukubwa gani, nami sijui nimjibu nini.
*Dereva, Majengo, Goma*

Fungua kirungu cha zamani kwa kukizungusha kinyume cha saa, kisha safisha hesi za fimbo, yaani yale meno yanayozunguka ncha yake, kwa brashi na petroli kidogo. Unatafuta vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo, kinachopimwa kwa kalipa juu ya vilele vya hesi. Hesi huwa pungufu kidogo ya jina lake: ukipata 11.8 mm hiyo ni 12, ukipata 9.8 ni 10, ukipata 7.9 ni 8.

Cha pili ni hatua, yaani umbali kutoka jino moja hadi linalofuata, na hapa ndipo wengi wanapotea kwa sababu jicho halitofautishi 1.25 na 1.5. Chukua bolti ya kawaida ya milimita 8, ya aina inayouzwa kila quincaillerie (duka la vifaa vya ujenzi na vyuma): hatua yake ni 1.25. Ilaze ubavuni mwa hesi za fimbo, meno ndani ya meno, halafu tazama ukielekea kwenye mwanga. Meno yakikaa ndani ya mabonde bila mwanga kupenya, fimbo yako ni 1.25. Meno mawili ya kwanza yakikaa na ya mbele yakapanda juu ya mengine, siyo. Huna bolti? Buji ya kawaida ya petroli, ile yenye hesi za milimita 14, ina hatua hiyohiyo ya 1.25, na sijui garaji isiyo na buji iliyokufa. Bolti ya kawaida ya 10 ina hatua ya 1.5, na ya 12 ina 1.75, kwa hiyo kwa bolti tatu za kununua dukani unakuwa na kipimo kamili cha hatua.

Toyota nyingi zenye fimbo sakafuni ni 12 kwa 1.25. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 10 kwa 1.25, Honda ni 10 kwa 1.5. Hata hivyo pima. Gari lililopita mikono mitano kabla ya kufika Goma huenda lina fimbo ya gari lingine. Na kama HiAce yako ni ile ya fimbo inayotoka kwenye usukani, usitumie kipimo cha ndugu yako mwenye fimbo ya sakafuni, hata kama magari yana mwaka mmoja.

Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni hili: fundi anataka chuma cha kuweka ndani ya mbao, anachukua nati ya gurudumu ya Toyota, maana gari ni Toyota. Nati hiyo ni 12 kwa 1.5. Inaingia raundi mbili, inakaza, fundi anafurahi kwamba "imeshika", anaongeza nguvu ya spana. Kumbe anakata meno ya fimbo. Nati ya gurudumu ya Nissan ndiyo yenye 12 kwa 1.25, kwa hiyo ndiyo inayoingia kwenye fimbo ya Toyota. Alama ya nati sahihi ni moja tu: inaingia kwa vidole viwili hadi mwisho, bila spana.

Kama meno ya juu yamekwisha kuumia, yanyooshe kwa tupa ndogo ya pembetatu, jino moja moja, ukijaribu nati kila mara. Meno matatu ya kwanza yakiwa yameliwa kabisa, yakate kwa msumeno wa chuma mradi yabaki angalau 18 mm za hesi nzima. Chini ya hapo peleka fimbo kwa mchomeleaji akaongeze kipande cha bolti ya hatua ileile. Fimbo ifunguliwe kwanza kutoka kwenye gari. Kuchomelea ndani ya kabati lenye vitambaa na nyaya ni kutafuta moto.

Nina mabaki ya libuyu yaliyotoka kwenye milango, na shina la mbuni mzee uliong'olewa Kalehe. Kipi kinafaa zaidi?
*Seremala, Kadutu, Bukavu*

Libuyu, kama unataka kuanza leo. Mbao ya milango imekwisha kukauka, inakatika vizuri na haijipindi sana. Hakikisha tu ina unene wa kutosha. Ukiwa na ubao wa 30 mm, gundisha vipande viwili uso kwa uso ili upate 60, na uache mstari wa gundi upite katikati ya kirungu.

Mbuni una mbao ngumu, nyeupe, laini mkononi, na unang'aa bila shida. Tatizo ni moyo wa mti. Kirungu kilichokatwa na moyo ukiwa ndani yake kitapasuka, swali ni lini. Mbao hunywea kuzunguka duara karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea moyoni, na shina zima halina pa kupunguzia tofauti hiyo ila kufungua ufa. Kwa hiyo shina lipasue katikati likiwa bado bichi, tupa sentimita moja kila upande wa moyo, na utumie kilichobaki. Shina la milimita 100 litakupa kipande cha kama 40 tu. Hicho kinatosha kirungu chembamba cha fimbo ya 8 au 10, si cha 12.

Ziba ncha zote mbili za kila kipande kwa nta ya mshumaa au rangi ya mafuta siku ileile ya kukata, maana maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na nyufa huanzia hapo. Weka kivulini penye upepo. Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila 25 mm za unene, lakini mzani wa jikoni unasema kweli zaidi kuliko kalenda: pima kila Jumamosi, andika uzito juu ya kipande chenyewe kwa penseli, na uzito usiposhuka wiki tatu mfululizo, kimekauka kwa hewa ya pale ulipo.

Miti mingine mnayotaja: mumba unaotumiwa kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ni mzuri sana, mgumu na mzito. Mkalitusi una nguvu lakini unajipinda na kupasuka ukikauka. Mabaki yake yaliyokaa miaka yanafaa, mapya hapana. Grevilea ina maua mazuri ya nyuzi, ila vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengi. Mvule nao vumbi lake linasumbua pua na macho, na kijiti cha wenge kikikuingia kidoleni toa mara moja kwani huvimba na kutunga usaha. Barakoa ivaliwe kwa yote. Msonobari na mti wa mtarakwa ni laini mno: pete ya ndoa itaacha alama ndani ya mwezi.

Sina mashine ya kukereza. Nina keekee ya umeme, jiriwa, tupa na msasa. Nimejaribu lakini tundu linatoka upande na kirungu kinakaa kimeinama.
*Fundi garaji, Panzi, Bukavu*

Vifaa ulivyo navyo vinatosha. Kinachokuharibia ni mpangilio: unatengeneza umbo kwanza halafu unatoboa, na kwenye mviringo meche, yaani ncha ya keekee inayotoboa, haina uso bapa wa kuanzia. Geuza. Tundu kwanza, chuma pili, umbo mwisho. Umbo likikatwa kuzunguka tundu, hata tundu likiwa limeinama digrii mbili ndani ya kipande, nje itainama nalo na mkono hautagundua.

Vipimo hivi ni vya fimbo ya 12 kwa 1.25. Kata kipande cha mbao kavu chenye upana wa 60 kwa 60 na urefu wa 80 mm, nyuzi za mbao zikisimama kufuata urefu. Chuma cha ndani tunakiita bushi. Mpelekee fundi wa kukereza chuma kipande cha shaba ya njano au chuma laini cha mviringo, umwambie hivi: kipenyo cha nje 19.5, urefu 25, tundu la 10.8, kisha taro (kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu) ya 12 kwa 1.25 ipite mpaka upande wa pili. Kwa nje akate mifereji mitatu yenye kina cha milimita moja, na wewe mwenyewe ukwangue ubavu mmoja kwa tupa uwe bapa. Mifereji inazuia bushi ising'oke kwenda juu, ubapa unaizuia isizunguke. Bila hivyo gundi peke yake ndiyo inayobeba kazi, na gundi kwenye chuma kilichosuguliwa laini huachia. Kwa fimbo ya 10 kwa 1.25 tundu kabla ya taro ni 8.8, kwa 10 kwa 1.5 ni 8.5, kwa 8 kwa 1.25 ni 6.8. Nje kubaki 19.5 kwa zote kunakurahisishia kazi, kwa sababu meche ya mbao inakuwa ileile.

Kama taro ya hatua hiyo haipatikani, tumia nati ya gurudumu ya Nissan. Kata upande uliozibwa, kisha punguza kona sita kwa tupa au mashine ya kusaga mpaka upana wake wa kona hadi kona uwe 21.5, na utoboe mbao kwa meche ya 22. Ile rangi ya kromu lazima iondoke yote mpaka chuma kitupu kionekane, kwa kuwa gundi inashika kromu na kromu yenyewe haishiki chuma vizuri baada ya miaka. Upande wenye umbo la koni uingie ndani.

Sasa toboa. Chora mistari miwili kutoka kona hadi kona, penye makutano piga alama kwa msumari. Funga kipande kwenye jiriwa, simamisha gonia mbili pembeni, moja mbele yako na moja kushoto, na meche iende sambamba nazo. Meche bapa ya 20 iende kina cha 28. Ncha yake inaacha shimo dogo katikati. Ingiza hapo meche ya 13 uendelee mpaka kina cha 45 kutoka mdomoni. Nafasi hii ya ndani ni ya ncha ya fimbo. Ukiisahau, fimbo itagonga mbao kabla kirungu hakijakaa, utakaza zaidi, na utakuwa unasukuma bushi itoke kwa mikono yako mwenyewe.

Gundi iwe epoksi ya mirija miwili, ya kukauka polepole kwa saa 24. Ile ya dakika tano hulainika mapema kwenye joto la gari lililoegeshwa juani. Gundi nyeupe ya seremala haishiki chuma, na gundi ya matone ya papo hapo inashika vizuri lakini inavunjika kwa mtikisiko. Osha bushi kwa thina, isugue kwa msasa wa 80, usiiguse tena kwa vidole. Ziba mdomo wake wa ndani kwa nta ya mshumaa yenye unene wa milimita 5 ili gundi isiingie kwenye hesi. Changanya sawa kwa sawa kwa dakika mbili nzima, paka ukuta wa tundu na mifereji, ingiza bushi huku unaizungusha.

Hapa kuna jambo linalowashangaza watu: unasukuma bushi hadi mwisho, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi imepanda milimita nne. Ni hewa iliyobanwa chini yake. Ule ubavu bapa unasaidia kuitoa, lakini usiutegemee. Bana kila kitu kwenye jiriwa mpaka kesho yake. Usiku wa baridi wa Bukavu au Goma ipe gundi saa 48.

Gundi ikishakauka, toa nta kwa kijiti, funga bolti ya 12 kwa 1.25 ndani ya bushi na uikaze kwa nati yake dhidi ya chuma. Bolti za chini ya magari ya Kijapani zenye kichwa cha 17 mara nyingi ndizo hizo. Thibitisha kwa buji. Kata kichwa cha bolti, shika mwili wake kwenye mdomo wa keekee, ambao lazima uwe wa 13 kwani wa 10 hautaimeza. Kata kona za mbao kwa msumeno mpaka kipande kiwe na pande nane, funga keekee yenyewe kwenye jiriwa, uiendeshe taratibu, isizidi raundi 1,000 kwa dakika hadi kipande kiwe duara. Tumia tupa ya mbao, kisha msasa 80, 120, 180. Usitumie patasi: keekee haikuundwa kubeba nguvu ya ubavuni, na patasi ikikamata, kipande kinaruka. Mikono ya shati ikunjwe, glavu zivuliwe, kitenge kifungwe mbali, miwani ivaliwe. Msasa wa 240 na 400 ufanywe kwa mkono keekee ikiwa imezimwa, kufuata nyuzi, la sivyo vanishi itaonyesha kila pete ya mkwaruzo.

Kuhusu umbo: urefu 55 hadi 60, kichwa 46 hadi 50, na shingo isipungue 36. Tundu la 20 linakula katikati, na ukuta ulio chini ya milimita 8 ndio unaopasuka. Ukitaka bonde la kidole gumba, kumbuka upande wa usukani. Magari yaliyotoka Japani yana usukani kulia, kwa hiyo dereva anashika kwa mkono wa kushoto na kidole gumba kinaangukia ubavu wa kulia wa kirungu. Tumeona virungu vizuri sana vilivyochongwa kinyume.

Bado kufunga. Ukizungusha kirungu mpaka kikaze, namba zake zitaelekea popote zinapotaka. Weka kwanza nati nyembamba ya hatua ileile kwenye fimbo, funga kirungu mpaka kikaze, kirudishe nyuma mpaka namba zimtazame dereva, halafu panda na nati chini yake na uibane dhidi ya bushi kwa spana nyembamba. Chuma kibane chuma, nati isiguse mbao. Hesi zinazobaki ndani ya bushi ziwe angalau 12 mm.

Kirungu changu cha mninga kilitengenezwa Februari. Kufika Agosti kimepasuka wima. Mbao ilikuwa mbaya?
*Dereva wa taksi-basi, Katuba, Lubumbashi*

Mninga ni kati ya miti inayonywea kidogo kabisa, kwa hiyo usiulaumu haraka. Angalia ufa ulipoanzia. Ulioanzia chini kwenye chuma na kupanda juu unasema kwamba chuma kilipigwa nyundo kuingia. Nati ya pembe sita ikilazimishwa ndani ya tundu la duara inakuwa kabari sita, na mbao ikinywea kidogo tu, kabari hazisogei. Ufa ulioanzia kileleni na kutawanyika kama miale ni moyo wa mti ulioachwa ndani.

Mwezi pia una maana yake. Februari Lubumbashi ni katikati ya mvua, hewa imejaa maji na mbao inakaa nayo. Kiangazi cha kuanzia Mei kinayatoa yote, na Agosti hewa ni kavu kabisa. Fundi anayefanya kazi wakati wa mvua aweke vipande vyake ndani ya nyumba karibu na jiko, si chini ya veranda, na atumie mzani tulioueleza hapo juu. Tundu kubwa kuliko bushi kwa nusu milimita, lililojazwa epoksi, linaipa mbao nafasi ya kunywea bila kubanwa na chuma moja kwa moja.

Ufa mwembamba usiofika kwenye chuma unaweza kujazwa epoksi iliyochanganywa na unga wa msasa wa mbao ileile. Ujazwe sasa, kiangazi, ukiwa umefunguka kabisa. Ukiufunga wakati wa mvua, utafunguka tena pembeni mwa gundi. Ufa uliofika kwenye chuma usirekebishwe. Toa bushi kwa kupasua mbao, isafishe, itumike kwenye kirungu kipya.

Nilipaka mawese ili kirungu kiwe chekundu na king'ae. Sasa kinanata na kinatoa harufu.
*Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi*

Mawese hayakauki, wala mafuta ya karanga. Yanakaa juu ya mbao, yanakamata vumbi na jasho, yanaoza. Futa kwa thina mara tatu kwa kitambaa safi kila mara, acha siku mbili, kisha piga msasa wa 180 hadi mbao yenye rangi yake ionekane.

Mafuta yanayokauka ni ya kitani, yanayouzwa penye rangi. Paka kidogo, ngoja dakika 15, futa yote yasiyozama, acha siku moja hadi tatu, rudia mara nne. Vitambaa ulivyotumia vitandaze vikauke nje au viloweke kwenye maji. Vikirundikwa vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila mtu kuviwasha. Hili si la kutisha watoto, karakana zimeungua hivyo. Nta ya nyuki ni nzuri kwa kiti cha nyumbani, lakini inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na italainika mapema kabla ya hapo ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa taksi-basi inayoshikwa kutwa nzima sisi tunachagua vanishi ya poliyurethani: mkono wa kwanza uongezwe thina sehemu moja kwa tano, miwili inayofuata bila thina, msasa wa 400 katikati. Paka chini pia, hadi ndani ya mdomo wa tundu. Unyevu unaingilia pale pale watu wanapopaacha.

Rafiki anasema kirungu kizito kinafanya vitesi iingie laini. Niongeze risasi ndani?
*Dereva, Himbi, Goma*

Usiongeze. Uzito unasaidia kidogo kusukuma fimbo kupita pale inapokataa, ni kweli, na kwenye gari jipya barabara nzuri utaufurahia. Kwenye basi la zamani linalopita juu ya mawe ya volkano, kirungu kizito juu ya fimbo ndefu kinavuta fimbo huku na huku kila gurudumu linapoanguka, na kama springi na gololi ndogo zinazoshikilia vitesi zimechoka, ya tatu itaruka yenyewe. Kirungu cha vipimo tulivyotoa, chenye mbao ya wastani na bushi ya chuma, kina uzito wa gramu 100 hivi. Hiyo inatosha.

Fimbo inayotetemeka hata gari likiwa limesimama haiponi kwa kirungu. Angalia bushi za maungio chini yake na mipira ya kushikilia injini.

Kombi yangu ni Volkswagen T3, vitesi ya kurudi nyuma lazima nibonyeze fimbo chini. Kirungu cha mbao kitavumilia?
*Msomaji, Kampemba, Lubumbashi*

Kitavumilia, ila nguvu inakwenda chini kila unaporudi nyuma, kwa hiyo bushi isiachiwe gundi tu. Iache na ukingo: kipenyo cha 19.5 kwa mwili, na sahani ya 26 yenye unene wa milimita 3 upande wa chini, iliyozamishwa kwenye mbao. Mbao inakalia sahani na kuisukuma. Pia jaribu kabla ya kumaliza umbo: bonyeza, peleka nyuma, uone kama kirungu kirefu kinagusa kiti.

Wenye magari ambayo kurudi nyuma ni kwa kuinua pete iliyo chini ya kirungu, pimeni mwendo wa pete ikiwa juu kabisa, mwongeze milimita 3, na kirungu kiishie juu ya hapo. Wenye fimbo laini isiyo na hesi, ambayo kirungu kinasukumwa tu juu yake: okoeni ule mfuko wa plastiki ulio ndani ya kirungu cha zamani, mkate plastiki inayouzunguka, muugundishe ndani ya mbao kama bushi. Ukiwa umekufa, msitoboe fimbo kupitisha pini kabla ya kujua kama ni chuma kizima au bomba. Bomba lililotobolewa hukatika hapo hapo.

Namba za vitesi niziandikeje zisifutike?
*Msomaji, Nyawera, Bukavu*

Choma kwa msumari uliotiwa makali na kupashwa moto kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, kabla ya vanishi, kina cha milimita moja. Mistari inayokwenda kukata nyuzi ichomwe kwanza. Inayofuata nyuzi huelekea kukimbia, ichomwe kwa vituo vifupi. Nakili mpangilio kutoka kwenye kirungu cha zamani au kwa kuijaribu kila vitesi injini ikiwa imezimwa. Usukani ukiwa kulia mpangilio haugeuki, ya kwanza inabaki palepale kushoto.

Natengeneza chukudu, nataka kutengeneza virungu 20 vya kuuza. Nitajuaje hesi ya gari la mteja?
*Fundi, Kibumba, nje ya Goma*

Usijaribu kujua. Tengeneza mbao zote na tundu la 20 bila chuma, zimalizwe na vanishi, na uzikereze kwenye kipande cha mti wa 20 badala ya bolti. Kando yake weka akiba ya bushi: 12 za 12 kwa 1.25, 6 za 10 kwa 1.25, 2 za 8 kwa 1.25, zote kwa nje 19.5. Mteja anachagua mbao, unajaribu bushi moja moja kwenye fimbo yake kwa vidole, inayoingia hadi mwisho unaigundisha, anarudi kesho kutwa kuichukua. Asiondoke nayo siku ileile hata akikusihi, kwa sababu akiifunga gundi ikiwa bado laini bushi itakaa upande, na lawama zitakuwa za mbao yako. Kila kirungu kiuzwe pamoja na nati yake nyembamba ya kubania.